Kukolea, Ukali na Uzito: Dhana ya Ukolezi wa Mimumunyo katika Kemia ya Sekondari Mjini Likasi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu dhana moja ya kemia ambayo mwanafunzi wa sekondari huikuta mapema na kuihitaji mpaka mwisho wa masomo yake, nayo ni ukolezi wa mimumunyo. Kuieleza dhana yenyewe si kazi kubwa: ukolezi ni kiasi cha kitu kilichomumunyika kikilinganishwa na ujazo wa mmumunyo mzima. Ugumu hujitokeza pale mwanafunzi anapotakiwa kuitenga dhana hiyo na jirani zake, yaani wingi, ukali, kushiba na uzito. Katika mazungumzo ya kila siku dhana hizo huchanganyika bila madhara. Katika maabara, na zaidi katika mji wa viwanda vya asidi, kuzichanganya kunaweza kumgharimu mtu macho yake.

Imekusudiwa kuonyesha hapa kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuzitenga dhana hizo moja moja, na kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko hutokana na maneno hayo kutumiwa bila kugawiwa kazi. Hoja hiyo itafuatwa kwa mifano ya mji wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, ambako mimumunyo ya kemia ni sehemu ya historia ya mji wenyewe.

2.0 Likasi: Mji wa Shaba na Asidi

Likasi, ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, ulikua pamoja na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 na ambayo mali zake nchini zilitwaliwa na serikali mwaka 1967 na kuwa msingi wa shirika la Gécamines. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Kazi yake iliegemea mmumunyo. Madini ya shaba ya aina ya malakiti, yenye rangi ya kijani, hushambuliwa na asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Shaba huingia katika kimiminiko na kukipa rangi ya buluu. Kisha umeme hupitishwa katika kimiminiko hicho na shaba hujikusanya kwenye bamba. Kila hatua ya kazi hiyo hudai jibu la swali moja: ni kiasi gani cha shaba, na kiasi gani cha asidi, kilichomo katika kila lita?

Swali hilo halikubaki ndani ya kuta za kiwanda. Asidi ya sulfuriki husafirishwa kwa magari katika barabara kuu inayopita Likasi kuelekea Kolwezi. Mwezi Februari mwaka 2019, katika jimbo jirani la Lualaba, gari lililobeba asidi lilipata ajali pamoja na basi la abiria, na watu karibu 20 walipoteza maisha yao. Kwa hiyo mtoto wa Likasi anayejifunza maana ya asidi iliyokolea hajifunzi jambo la mbali.

Hali ya lugha nayo inahitaji kutajwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kemia ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa. Hata hivyo, nyumbani, sokoni na kazini lugha inayotawala ni Kiswahili cha Katanga, ambacho kilichunguzwa na wataalamu kama Edgar Polomé katika miaka ya 1960, na ambacho historia yake katika enzi ya ukoloni ilielezwa na Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986. Mwanafunzi husikia darasani kuhusu "acide concentré" na "acide fort", akarudi nyumbani ambako vyote viwili ni asidi ya nguvu. Maneno mawili ya mwalimu yanapokutana na neno moja la nyumbani, tofauti iliyokusudiwa hufutika.

3.0 Viungo vya Mmumunyo na Majina Yake

Kabla ya kupima ukolezi ni lazima kujua kinachopimwa. Chumvi inapotiwa katika maji na kukorogwa mpaka isionekane, kuna vitu vitatu vya kutaja: chumvi iliyopotea machoni, maji yaliyoipokea, na kimiminiko kilichopatikana. Umbo la kitenzi cha Kiswahili husaidia sana hapa. Kutokana na mzizi -mumuny- hupatikana:

(1) a. kimumunyika: kile kinachomumunyika (chumvi)
b. kimumunyishi: kile kinachomumunyisha kingine (maji)
c. mmumunyo: matokeo ya tendo hilo (maji ya chumvi)

Kiambishi -ik- huonyesha kitu kinachopatwa na hali, na -ish- huonyesha kitu kinachosababisha hali hiyo. Mwanafunzi anayejua sarufi ya lugha yake hana haja ya kukariri ni kipi kinafanya nini, kwani neno lenyewe linamwambia.

Maandishi mengine hutumia mzizi -yeyuk-, yakasema myeyusho badala ya mmumunyo. Matumizi hayo yameenea na hayana kosa la kisarufi, lakini yana upungufu mmoja. Kuyeyuka hutumika pia kwa barafu inayogeuka maji na kwa mafuta ya mgando yanayolainika juu ya moto. Barafu inayoyeyuka haihitaji kitu cha pili. Inahitaji joto tu. Sukari inayopotea ndani ya chai inahitaji chai. Mwanafunzi anayetumia kitenzi kimoja kwa mambo hayo mawili huweza kudhani kuwa sukari imegeuka maji. Ukweli ni kwamba chembe za sukari zimetawanyika kati ya chembe za maji, na hakuna hata moja iliyopotea. Katika makala haya, kwa hiyo, kuyeyuka kumeachiwa kazi ya joto, na kumumunyika kumepewa kazi ya mmumunyo.

4.0 Ukolezi ni Uwiano

4.1 Wingi na ukolezi

Kitenzi kukolea kimezoeleka katika Kiswahili cha jikoni: mchuzi umekolea chumvi, chai imekolea sukari. Hutumika pia kwa rangi, kama vile buluu iliyokolea. Kinyume chake ni chapwa, yaani isiyo na ladha ya kutosha. Ni neno linalofaa sana kwa kazi ya kemia, kwa sababu halielezi wingi wa chumvi iliyotumika, bali jinsi chumvi ilivyoenea katika kile kilichoipokea.

Chukua kikombe cha chai cha mililita 200 chenye vijiko 2 vya sukari, na sufuria ya chai ya lita 2 yenye vijiko 10. Sufuria ina sukari nyingi kuliko kikombe, mara tano zaidi. Lakini anayeonja atasema kwamba chai ya kikombe ndiyo iliyokolea, naye atakuwa amesema kweli: kikombe kina vijiko 10 kwa kila lita, na sufuria ina vijiko 5 tu kwa kila lita. Ukimimina nusu ya chai ya kikombe, wingi wa sukari unapungua kwa nusu, ilhali ukolezi unabaki vilevile. Jambo hili ndilo msingi wa somo zima. Wingi hugawanyika pamoja na kimiminiko, ukolezi haugawanyiki.

Kisarufi, uwiano huo hubebwa na maneno mawili madogo, "kwa kila". Usemi "gramu 5 za chumvi" hutaja wingi. Usemi "gramu 5 kwa kila lita" hutaja ukolezi. Jibu la zoezi la ukolezi lisilokuwa na maneno "kwa kila", au alama inayosimama badala yake, bado halijakamilika hata kama tarakimu zake ni sahihi.

4.2 Gramu na moli

Katika kemia kipimo cha gramu hakitoshi, kwa kuwa vitu huungana kwa idadi ya chembe, na chembe za vitu mbalimbali hazina uzani mmoja. Kwa sababu hiyo hutumika moli, ambayo ni jina la idadi, kama dazani ilivyo jina la 12. Moli moja ni chembe 6.022 × 10²³. Moli moja ya shaba ina gramu 63.5. Moli moja ya mrututu, yaani salfeti ya shaba katika fuwele zake za buluu zenye maji ndani yake, ina gramu 249.7. Neno mrututu ni la zamani katika kamusi za Kiswahili, na linastahili kurudi darasani.

Mfano ufuatao unaonyesha hesabu yenyewe. Mwanafunzi anataka lita 1 ya mmumunyo wa mrututu wenye moli 0.5 kwa kila lita. Anahitaji 0.5 × 249.7, yaani gramu 125 kwa kukadiria. Akichota mililita 50 za mmumunyo huo, amechukua gramu 6.2 tu za mrututu, lakini ukolezi wa alichochota ni uleule wa moli 0.5 kwa kila lita.

Hesabu ya aina hiyo inaufaa pia umeme wa kiwandani. Tuseme mmumunyo una gramu 40 za shaba kwa kila lita; ukolezi wake ni 40 ÷ 63.5, yaani karibu moli 0.63 kwa kila lita. Umeme unapopita, shaba huuacha mmumunyo na kuganda kwenye bamba, na wakati huohuo asidi huzaliwa upya kwenye bamba la pili. Katika tangi moja, basi, ukolezi wa shaba unashuka huku ukolezi wa asidi ukipanda. Anayeuliza "mmumunyo huu umekolea kiasi gani?" hana budi kwanza kusema: umekolea nini?

4.3 Lita ya nini?

Usemi "gramu 125 katika lita 1 ya maji" na usemi "gramu 125 katika lita 1 ya mmumunyo" hufanana masikioni, lakini havitoi maagizo ya namna moja. Wa kwanza unamwambia mtu apime lita kamili ya maji kisha atie mrututu, na kimiminiko atakachopata hakitakuwa na ujazo wa lita 1 kamili. Wa pili unamwambia atie mrututu katika maji kiasi, kwa mfano mililita 600, akoroge mpaka umumunyike wote, ndipo aongeze maji mpaka alama ya lita 1 katika chupa ya kupimia. Ukolezi unaohesabiwa kwa moli kwa kila lita ni huu wa pili. Mwalimu anayesema tu "katika lita moja" ameacha nusu ya agizo bila kulitamka.

5.0 Dhana Jirani za Ukolezi

5.1 Ukali

Kivumishi -kali ndicho chenye hatari zaidi, kwa sababu kimebeba mizigo mingi: kisu kikali, jua kali, pombe kali, mwalimu mkali. Lutuku, pombe ya kukeneka inayojulikana vema Katanga, husemwa kuwa kali, na maana yake ni kwamba ina alkoholi nyingi kwa kila lita. Huo ni ukolezi. Lakini kemia inaposema asidi kali inakusudia jambo lingine, yaani asidi ambayo chembe zake zote, au karibu zote, hujitenga kuwa ioni zinapoingia katika maji. Huo ni ukali wa asili ya kitu, wala maji hayauondoi.

Linganisha asidi mbili. Asidi ya hidrokloriki ni kali kwa asili; ikizimuliwa mpaka moli 0.001 kwa kila lita, pH yake huwa 3. Siki ya mezani ina asidi hafifu ya asetiki kwa kiasi cha moli 0.8 hivi kwa kila lita, na kati ya kila chembe 1,000 za asidi hiyo ni kama 5 tu zinazojitenga. Hata hivyo pH yake ni karibu 2.4. Kwa kuwa pH ndogo ni dalili ya uasidi mwingi, siki yenye asidi hafifu ina uasidi kuliko asidi kali iliyozimuliwa mno. Mwanafunzi aliyekwisha kutenga ukali na ukolezi hashangazwi na matokeo hayo. Aliyeviweka vyote katika neno "nguvu" huyaona kuwa kitendawili.

Inapendekezwa, basi, kwamba darasani -kali na hafifu viachiwe asili ya asidi, na iliyokolea na iliyozimuliwa viachiwe kiasi chake katika maji. Kutokana na mgawanyo huo hupatikana semi nne, na kila moja ina kitu cha kutaja:

(2) a. asidi kali iliyokolea
b. asidi kali iliyozimuliwa
c. asidi hafifu iliyokolea
d. asidi hafifu iliyozimuliwa

5.2 Kushiba

Mmumunyo hushiba pale kimumunyishi kinapokataa kupokea zaidi na kilichoongezwa kikabaki chini ya chombo. Gramu 100 za maji katika joto la kawaida hushiba kwa chumvi ya mezani ya gramu 36 hivi. Wengi huhitimisha kwamba kushiba ni kukolea sana. Chokaa inakanusha jambo hilo. Mawe ya chokaa yanajulikana sana Likasi, hata wanajiolojia wameyaita matabaka ya mawe hayo kwa jina la Kakontwe, mahali palipo karibu na mji. Mawe hayo yakichomwa na kisha kutiwa maji hutoa chokaa iliyozimwa, na chokaa hiyo haimumunyiki ila kidogo: kwa nyuzi 20 za Selsiasi, lita 1 ya maji hushiba kwa gramu 1.7 hivi. Maji ya chokaa yanaweza kuwa yameshiba kabisa na bado yakawa hayajakolea.

5.3 Uzito, na neno la mgodini

Asali ni nzito kuliko maji ya chumvi kwa maana ya kutiririka polepole, na uji mzito ni ule usiomiminika upesi. Uzito wa namna hiyo hauonyeshi ukolezi moja kwa moja. Asidi ya hidrokloriki ya dukani hutiririka karibu kama maji, ingawa imekolea kiasi cha kuunguza ngozi. Macho peke yake hayapimi ukolezi. Hata rangi husaidia tu pale kimumunyika kinapokuwa na rangi, kama mrututu, na hapo ni lazima kulinganisha vyombo vya unene mmoja.

Zaidi ya hayo, mtoto wa Likasi ana kikwazo ambacho mwenzake wa mji mwingine huenda hana. Katika Kifaransa cha migodi, "concentré" ni unga wa madini uliokwisha kutengwa na mawe yasiyofaa. Mtoto aliyelisikia neno hilo nyumbani akilitumiwa unga mkavu hulikuta tena darasani likielezea kimiminiko. Kiswahili kimezitenga dhana hizo mbili kwa mizizi isiyohusiana: unga wa madini ni makinikia, neno lililoenea zaidi Tanzania tangu mwaka 2017, na hali ya mmumunyo ni ukolezi. Hapa lugha ya nyumbani ina uwazi ambao lugha ya darasani haina.

6.0 Kuzimua na Sarufi ya Usalama

Kuzimua ni kupunguza ukolezi kwa kuongeza kimumunyishi. Kitenzi hiki hutumiwa kwa uji, kwa pombe na kwa dawa, na hakuna sababu ya kukitafutia kingine. Kanuni yake hutokana na jambo moja lililokwisha kuelezwa: maji yanayoongezwa hayaleti kimumunyika wala hayakiondoi. Kwa hiyo ukolezi wa kwanza ukizidishwa kwa ujazo wa kwanza ni sawa na ukolezi wa pili ukizidishwa kwa ujazo wa pili.

Asidi ya sulfuriki ya kibiashara ya asilimia 98 ina takriban moli 18 kwa kila lita, na lita 1 ya asidi hiyo ina uzani wa kilo 1.84. Ile ya betri ya gari ina takriban moli 4 hadi 5 kwa kila lita. Anayetaka lita 1 ya asidi yenye moli 1.8 kwa kila lita atahitaji mililita 100 za ile iliyokolea, kwa sababu 18 × 0.1 ni sawa na 1.8 × 1. Hesabu imekwisha, lakini kazi haijakwisha, maana sasa ni lazima vitu viwili vikutane, na namna ya kukutana kwake ndiyo yenye hatari.

Asidi hiyo inapokutana na maji hutoa joto jingi. Ikiwa maji kidogo yatamiminwa juu ya asidi, yatabaki juu kwa kuwa ni mepesi kuliko asidi, yatachemka mara moja na kurusha matone ya asidi usoni mwa anayemimina. Ikiwa asidi itamiminwa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, itazama, na joto litasambaa katika maji yote. Chunguza sasa maagizo haya matatu:

(3) a. Changanya asidi na maji.
b. Tia asidi maji.
c. Mimina asidi kidogo kidogo ndani ya maji.

Agizo (3a) halisemi kipi kinatangulia, kwa sababu kiunganishi "na" huvipa vitu viwili daraja moja. Agizo (3b) ni baya zaidi. Kitenzi kutia huweza kufuatwa na yambwa mbili, na kwa kawaida msikilizaji hujua kipi kinaingia katika kipi kutokana na ujuzi wake wa mambo. Asemaye "tia chai sukari" haeleweki kuwa anataka chai imiminwe juu ya sukari. Lakini kwa asidi na maji, ujuzi huo ndio mwanafunzi anaoutafuta. Hawezi kuutumia kuelewa agizo kabla hajaupata. Tena, akilisoma agizo hilo kwa mfano wa chai na sukari, atatia maji ndani ya asidi, yaani kinyume cha usalama. Agizo (3c) pekee ndilo linalotaja kinachomiminwa, mwendo wa kumimina na chombo kinachopokea. Kiswahili cha Katanga kina kihusishi "mu" kinachofanya kazi hiyo vizuri: mwanafunzi anayeambiwa amimine asidi "mu mayi" hawezi kukosea ni kipi kilichomo ndani ya chombo.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba dhana ya ukolezi husimama juu ya uwiano, na kwamba jirani zake hutengeka kwa maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari: wingi kwa kiasi kizima, kukolea na kuzimua kwa uwiano, ukali na uhafifu kwa asili ya kitu, kushiba kwa kikomo cha kupokea, na uzito kwa mwendo wa kimiminiko. Kazi ya istilahi si ngeni katika Kiswahili. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Palipobaki pengo ni kati ya kamusi za namna hiyo na darasa ambalo mwalimu hufundisha kwa Kifaransa, huku mwanafunzi akifikiri kwa Kiswahili cha Katanga.

Si lazima kungoja lugha ya kufundishia ibadilishwe ili pengo hilo lianze kuzibwa. Mwalimu wa kemia mjini Likasi anaweza kuanza somo kwa kikombe na sufuria ya chai, akayapanga maneno ya Kiswahili kando ya yale ya Kifaransa ubaoni, na kumtaka kila mwanafunzi aseme kwa lugha zote mbili kipi kinachomiminwa na kipi kinachopokea. Walimu wa Kiswahili nao wanaweza kuisaidia kazi hiyo kwa kuwaonyesha wanafunzi wao kwamba -ik- na -ish-, "na", "kwa kila" na "ndani ya" vina uzito nje ya kipindi cha sarufi. Mwanafunzi atakayeweza kusema bila kusita kwamba asidi humiminwa ndani ya maji, tena kidogo kidogo, atakuwa amejifunza kemia na lugha kwa pamoja, na mikono yake itakuwa salama.